Matao ya Upande wa Kongo

Anayetaka kumjua Yeseri na aanze na mlima. Kwa miaka mingi, kati ya Kasese na Bwera, mtu akitaka duka lake lipendeze alimwita Yeseri, na Yeseri alimchorea mlima. Duka la dawa, mlima. Kinyozi, mlima, na chini yake kichwa kilichonyolewa vizuri. Muuza majeneza mmoja wa Kasese aliomba mlima wenye theluji nyingi zaidi, akasema wateja wake wanapenda utulivu. Yeseri hakumbishia. Alichovya brashi katika rangi nyeupe, akaongeza theluji.

Alizaliwa Kitswamba, kwa watu wa kahawa na maharagwe, Waprotestanti wa kwenda kanisani hata mvua ikinyesha. Uchoraji hakufundishwa na mtu. Alianza kwa mkaa kwenye ukuta wa ghala la jirani, akapigwa. Akahamia kwenye ukuta wa kanisa, akapigwa na mchungaji mwenyewe. Kisha mchungaji akautazama ule ukuta, akamwambia kwamba kwa kuwa ameshauchafua, basi aumalize. Hiyo ndiyo shule aliyosoma.

Mke wake aliitwa Tabisa. Mwanamke wa jembe, maneno yake machache na kila moja lina kazi. Tangu waoane hakuwahi kufunga safari kwenda kuangalia kazi ya mumewe. Yeseri alikuwa akirudi nyumbani na rangi kwenye nyusi, naye anamuuliza, "Ni mlima tena?"

"Ni mlima."

"Mlima nauona nikifungua mlango, Baba Night. Tena ule ni mkubwa."

Night ni binti yao wa kwanza. Na kuhusu mlima, Tabisa alisema kweli. Ule ulikuwa mkubwa.

Basi mwaka 2015, maharagwe yakiwa yanakaribia kukauka shambani, Yeseri aliitwa Bwera na mwanamke mmoja Mwislamu, Aminah, ambaye mji mzima unamwita Mama Saudah kwa jina la binti yake. Alikuwa na hoteli ya chakula kando ya barabara, pale malori yanaposubiri kuvuka kwenda Kongo. Ukitaka pilau ipo, ukitaka matoke yapo, na mchuzi wa mbuzi, na chai ya maziwa. Shida yake ilikuwa moja. Kila dereva Mwislamu aliyesimama mlangoni aliuliza kwanza: hii nyama imechinjwa na nani? Msimlaumu dereva. Jirani wa kushoto aliuza nguruwe wa kuchoma, na moshi haujui kwake ni wapi.

"Nimechoka kuapa," Mama Saudah alimwambia Yeseri. "Kila siku naapa kuliko shahidi wa kotini. Nataka mtu akiingia aone ukuta, anyamaze, akae, ale."

"Nikuchoree mlima?"

"Mlima una dini gani?"

Yeseri alifikiri. Hakuwa amewahi kuulizwa.

Mama Saudah akaingia ndani, akatoka na sinia kubwa la bati. Katikati ya sinia palichapwa picha ya rangi, mchoro wa ua wa msikiti wa nchi ya mbali ambayo hakuna mtu wa Bwera aliyejua jina lake. Nguzo na matao, tao nyuma ya tao, na sakafu inang'aa kama imepigwa maji. Yeseri alilishika sinia kwa mikono miwili, akalisogeza mlangoni kwenye mwanga, akakaa nalo muda mrefu hata mteja mmoja akamuuliza kama chai bado.

"Hii nitaiweza," alisema.

Ikabaki kuchagua ukuta. Wa kusini ndio wenye mlango wa barabarani. Wa mashariki una dirisha. Wa kaskazini una rafu za vikombe na soda. Wa magharibi, upande wa Kongo, ulikuwa mtupu, mweupe, unapigwa na mwanga wa asubuhi kutoka dirishani. Niambieni ninyi, mchoraji gani angeangalia mwingine?

Kazi ilianza vizuri ila kwa jambo moja, kwamba sinia lilikuwa bado kazini. Yeseri akiwa katikati ya nguzo, sinia linaondoka na chai ya watu. Anasubiri. Linarudi lina sukari, analifuta kwa shati, anaendelea. Tena sinia lile lilikuwa na kingo zilizopinda kwenda juu, kwa hiyo matao ya pembeni yalionekana yameinama kuelekea katikati. Yeseri aliyaona hivyo, akayachora hivyo. Tao la katikati peke yake ndilo lililosimama wima, refu kupita yote, na mengine yanaliinamia kila upande kama watu wanaomsikiliza mmoja.

Kisha akafika mahali pa kujaza ndani, akakwama.

"Mama Saudah, ndani ya hili kubwa niweke nani?"

"Usiweke mtu."

"Basi ng'ombe."

"Wala ng'ombe."

"Ndege mdogo? Huko juu, pembeni, hata haonekani?"

"Yeseri, kama haonekani unamchorea nini? Kisicho na roho chora chote. Chenye roho mwachie aliyekiumba."

Mzee Magidu alikuwepo. Huyu ni mzee mwenye malori, nyumbani kwake kuna chai, lakini alipenda kuinywa pale. Akaweka kikombe chini. "Kijana," alisema, ingawa Yeseri alikuwa na mvi, "nyinyi kanisani kila dirisha muna mutu ndani yake. Sisi tunaacha wazi. Unajua kwa nini?"

"Sijui, mzee."

"Kwa sababu yule anayetafutwa haingii kwenye picha. Tao ni kama mikono ya mutu anayeomba. Unaona mikono imekutana juu? Sasa ukijaza kitu mikononi, ataomba nini tena?"

Mbadilishaji fedha mmoja kutoka ng'ambo, mwenye Kiswahili cha Kongo, alikuwa akila karibu. Naye akatazama ukuta. "Iko muzuri sana," alisema. "Milango iko mingi, mutu wa kufungua hakuna. Ni biro kabisa, ofisi ya serikali."

"Kula, wewe," Mama Saudah akamwambia.

Yeseri alirudi kwenye ukuta na neno lile la mikono. Kitu kisicho na roho ambacho kinaweza kukaa ndani ya tao bila kulijaza ni nini? Akaona ni mwanga. Ndani ya tao la katikati akachora tao dogo, na ndani yake dogo zaidi, rangi ikipauka kidogo kidogo, mpaka mwisho kabisa palibaki mlango wa ukubwa wa ukucha, na hapo akaweka manjano aliyoichanganya na nyeupe mpaka ikakaribia kutokuwa rangi. Akashuka kwenye kiti, akarudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa friji ya soda. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amechora kitu ambacho hakukijua kabla hajaanza.

Alipofika Kitswamba, Tabisa alikuwa uani anashona gunia.

"Ni mlima tena?"

"Si mlima."

Sindano ikasimama. "Ni nini?"

"Matao. Ni kama milango, lakini haina mbao."

"Na ndani kuna nini?"

"Mwanga."

Tabisa alishona mshono mmoja, akafikiri, akashona wa pili. "Nikimaliza kupura maharagwe nitayapeleka soko la Bwera siku ya Ijumaa," alisema. "Nitapita niuone huo ukuta."

Yeseri akasema sawa. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama na mbuzi kwa muda. Mbuzi hawakumuuliza kitu.

Huko Bwera ukuta ulifanya kazi yake. Madereva waliingia wakiwa na swali mdomoni, wakaona matao, wakalimeza, wakakaa, wakala. Mama Saudah aliacha kuapa, hata sauti yake ikapona.

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo moja, kwa ajili ya wale wasiosali msikitini. Mwislamu anaswali akielekea Makka, popote alipo. Huo uelekeo ndio kibla. Na msikitini, ukuta wa mbele una tao lililoingia ndani, linaitwa mihrabu, imamu husimama hapo, na mgeni akiliona hahitaji kumuuliza mtu. Macho yake yanaona tao, miguu yake inajipanga.

Wenyeji wa Bwera waliswali msikitini kwao. Lakini dereva wa mbali hawezi kuacha lori lenye mzigo peke yake barabarani. Swala ya magharibi ikiingia, madereva wa mbali walisogeza meza za Mama Saudah kando, wakatandika mikeka, wakaswali pale pale, lori likionekana mlangoni. Mama Saudah kwa heshima alibaki jikoni na binti yake mpaka wamalize, kwa kuwa hakutaka kukatiza mbele ya watu wanaoswali. Kwa hiyo hakuona.

Aliyeona ni Ukasha, dereva wa Mzee Magidu, mtoto wa Bwera. Aliingia jioni moja kufuata chakula chake, akakuta safu ya wanaume wamesujudu, vipaji vya uso chini, wote wanaielekea Kongo. Akasimama mlangoni akingoja watoe salamu. Walipomaliza, akawaamkia vizuri, kisha akauliza:

"Wazee wangu, samahani. Huko munaangalia nini?"

"Kibla," alijibu mmoja mwenye ndevu, mtu wa Mbale.

"Huko ni Kasindi, Kongo."

"Na mihrabu ile?"

"Ile si mihrabu, mzee. Ni picha. Imechorwa na Yeseri."

"Yeseri ni shehe wa wapi?"

"Ni Mukristo wa Kitswamba."

Mtu wa Mbale alilitazama lile tao, na wenzake wakalitazama, nalo likawatazama.

"Mimi naswali hapa tangu Jumapili," alisema mwingine polepole. "Nimeomba mambo mengi sana."

"Labda yamefika Kinshasa," Ukasha alisema, kisha akaona uso wa yule mzee, akafunga mdomo.

"Kibla yenyewe iko wapi?"

Ukasha akanyoosha kidole kwenye rafu ya soda. "Huko. Upande wa mlima."

Habari ilimfikia Yeseri asubuhi yake, akiwa juu ya ngazi kwenye duka la mbolea hapo hapo Bwera. Aliyemletea alikuwa Ukasha mwenyewe. Yeseri aliuliza jambo moja tu.

"Umesema upande wa mlima?"

"Huko huko."

Yeseri aliitazama brashi yake. Milima yote ile aliyoichora, miaka yote, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeinamisha kichwa mbele yake.

Alipoingia hotelini alikuta ndoo ya chokaa imeshakorogwa, imewekwa chini ya tao la katikati, na brashi pana imelala juu yake. Mama Saudah alikuwa amekaa, mikono mapajani. Mzee Magidu alikuwa na chai yake.

"Mama Saudah," alisema Yeseri, "mke wangu anakuja Ijumaa."

"Karibu yake. Anakuja kufanya nini?"

"Kuona ukuta huu."

"Leo ni Jumatano."

"Ndiyo. Nauliza kama ndoo inaweza kusubiri."

Mama Saudah alimwangalia kwa huruma, na huruma yake haikuwa ya kubadili neno. "Yeseri, watu wameswali kuelekea Kongo ndani ya nyumba yangu. Jioni hii watakuja wengine. Wewe ndiye utasimama mlangoni kuwageuza? Unajua hilo ni jambo la uzito gani mbele ya Mungu?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Ndiyo maana nimemwita shehe."

Shehe Hakim alikuja kwa bodaboda, mtu mwembamba, hana haraka. Alisikiliza kisa chote, akanywa chai, akasikiliza tena kutoka kwa Ukasha ambaye alikiongezea kidogo. Kisha akasema kwamba mtu aliyekosea kibla bila kujua, Mungu anaijua nia yake. Lakini hawa walikuwa mjini penye Waislamu, nao walikuwa na midomo ya kuuliza. Waliopo bado, warudie swala zao. Walioshavuka, wako na Mola wao.

"Na ukuta?" Mama Saudah aliuliza.

"Rangi haina kosa," alisema shehe. Akausogelea, akasimama mbele ya tao la katikati, akalitazama hadi kule mwisho kwenye ule mlango wa ukubwa wa ukucha. Alikaa hapo kuliko walivyotarajia. "Tena hili," alisema, "ndilo lenye shida. Hata mimi ningetandika mkeka."

Yeseri hakujua kama amesifiwa au amehukumiwa. Akasema asante.

"Aandike juu yake," Mzee Magidu alishauri. "Kwa herufi kubwa: SI HUKU."

"Niandike juu ya mwanga, mzee?" Yeseri aliuliza, na sauti yake ilimshangaza yeye mwenyewe.

"Muandike na Kifaransa," alisema yule mbadilishaji fedha kutoka mezani kwake.

"Kuna wasiosoma," shehe alisema.

"Tuweke meza mbele yake," alisema Ukasha.

"Wataswali nyuma ya meza." Shehe aligonga ukuta kwa vifundo vya vidole, akasikiliza. "Nyuma ya hapa kuna nini?"

"Jiko langu," alisema Mama Saudah.

"Na chakula kinapita wapi kuja hapa?"

"Kinazunguka nje, shehe. Mvua ikinyesha, pilau inafika ni uji."

"Basi fungua mlango hapa. Tao lililozibwa mutu ataliswalia. Tao linalotoa matoke, hapana. Hakuna atakayesujudu mahali wabeba sahani watamkanyaga."

Wote wakaliona jambo hilo ni jema, na wote wakamgeukia Yeseri, kwa sababu picha ilikuwa yake.

"La pembeni halitoshi?" aliuliza.

"Wanaloangalia ni la katikati," shehe akamjibu kwa upole.

Yeseri akaiangalia ndoo ya chokaa. Chokaa ingemeza ukuta mzima. Shimo lingemeza tao moja, lakini lile moja ndilo alilotaka Tabisa alione. Alisimama hapo mpaka chai ya Mzee Magidu ikaisha.

"Vunjeni," alisema. "Ila shimo liwe tao."

Wakamwita Danieri, mwashi wa Bwera, Mkristo mwenzake Yeseri, na hapo ndipo ugomvi wa kweli ulipoanza.

"Mlango una pembe nne," Danieri alisema. "Tangu safina ya Nuhu."

"Huu hautakuwa nazo."

"Rafiki yangu, tao ni njia ya kupoteza matofali."

"Nitakusaidia kuyabeba."

"Na likiniangukia?"

"Litakuwa limekuangukia likiwa tao."

Danieri alilalamika, lakini aliujenga. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kiunzi cha mbao cha kuushikilia upinde, Mzee Magidu alitoa tairi kuukuu la lori. Walilisimamisha ndani ya shimo juu ya matofali makavu, Danieri akapanga matofali na udongo wa saruji kulizunguka, mpaka yakakutana juu. Kabla ya hapo, wakati nyundo ilipopiga ukuta mara ya kwanza, Yeseri alikuwa ametoka nje kuangalia malori. Alisikia plasta ikianguka. Aliyahesabu kwa macho malori yaliyokuwa yamebeba chumvi na yaliyobeba saruji, kisha akarudi ndani kubeba matofali kama alivyoahidi.

Jioni ile madereva wa mbali walikuta shimo lenye tairi ndani yake. Hakuna aliyelielekea. Waliuliza kibla iko wapi, wakaonyeshwa rafu ya soda, wakaswali. Alhamisi saruji ikaachwa ikauke, Ijumaa asubuhi tairi likatolewa, wakasubiri kuona. Danieri alisubiri akiwa barabarani. Tao halikuanguka.

Tabisa alifika na gunia lake, amevaa gomesi, gauni lake la kanisani. Yeseri alimpokea sokoni. Alimsaidia kuuza maharagwe. Kisha akamwonyesha daraja la mpakani, akamwonyesha wabadilishaji fedha, akamwonyesha hospitali kwa nje, akaanza kumwonyesha duka la mbolea.

"Baba Night," Tabisa alisema, "mbolea naijua. Nimekuja kuona ukuta."

Wakaingia. Mama Saudah akamkaribisha kwa mikono miwili, akampa kiti. Tabisa hakukaa. Alisimama mbele ya matao ya pembeni, moja baada ya jingine, mikono nyuma, kama anavyokagua shamba la mtu mwingine.

"Yameinama," alisema.

"Ni sinia lilifanya hivyo. Naweza kuyanyoosha."

"Usiyanyooshe." Akasogea. "Na hili la katikati, ndilo lile lenye mwanga?"

Saudah alipita kwenye tao la Danieri na sahani za matoke, moshi wa jiko ukimfuata nyuma. Ukingoni mwa shimo, palipokatwa, ulibaki ukanda mwembamba wa rangi ya Yeseri, upana wa vidole viwili, unalizunguka tao lote.

"Lilikuwa hapa," Yeseri alisema. "Walilivunja Jumatano. Watu walikuwa wanaliswalia."

Tabisa akageuka. "Wanaiswalia picha yako?"

"Kwa makosa."

"Lilikuwaje?"

Basi Yeseri, ambaye kila mara alijibu "ni mlima" na kunyamaza, akaanza kueleza. Alieleza tao ndani ya tao. Alieleza jinsi buluu inavyopauka ukiiongezea nyeupe kidogo tu, na jinsi ukizidisha inakufa. Alieleza maneno ya Mzee Magidu ya mikono, na ule mlango wa mwisho, na manjano ambayo haikuwa manjano, akachora hewani kwa kidole ukubwa wa ukucha. Wateja waliacha kula. Saudah alipita mara nyingi kati yake na mkewe, naye aliendelea. Alipomaliza alikuwa na jasho.

Tabisa alikuwa analitazama shimo muda wote huo.

"Nyumbani kuna ukuta," alisema.

"Wa upande gani?" Yeseri aliuliza, kwa sababu sasa alikuwa mtu wa kuuliza.

"Wa chumbani, unaoelekea kitanda. Nataka lile la katikati. Hayo mengine acha hapa yasikilizane."

Kisha akavuta kiti, akaagiza chai, akakigeuza kiti kidogo ili auone ukuta vizuri. Nje injini za malori zilianza kuwaka, foleni ikasogea. Yeseri alibaki amesimama kando yake, anamweleza ni rangi ipi atakayohitaji kuinunua kabla hawajapanda gari.